Namna ya Kumpa Mtoto Njiti Virutubisho vya Nyongeza Nyumbani

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wazazi na walezi walioruhusiwa kutoka hospitalini na mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia, huku mkononi wameshika karatasi ya dawa wasiyoielewa vizuri. Kazi yangu ni uuguzi katika wodi ya watoto wachanga mashariki mwa Uganda. Hapo mama mmoja anatoka Busia, mwingine Malaba, mwingine ni mke wa askari wa kambini, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Maelezo ya chupa, hata hivyo, yamechapishwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na makosa mengi huanzia hapo.

Asubuhi moja bibi mmoja alifungua mfuko wa plastiki juu ya kitanda cha mkaza mwanawe na kupanga chupa tatu na kopo moja: dawa ya maji ya kuongeza damu, matone ya vitamini mchanganyiko, matone ya vitamini D, na glukosi ya unga. "Musawo," aliniambia, akitumia neno la Kiganda la kumwita mhudumu wa afya, "mjukuu wangu ni mdogo kama kifaranga, nimemletea vya kumnenepesha. Nimpe kijiko kimoja kimoja?" Mtoto alikuwa na gramu 1600. Tuliketi tukasoma chupa ya kwanza pamoja. Kila mililita 5 zilikuwa na miligramu 50 za madini ya chuma. Mtoto wa uzito ule, akipewa miligramu 2 kwa kila kilo yake, huhitaji miligramu 3.2 kwa siku, yaani takriban mililita 0.3, kiasi kisichofunika hata kitako cha kijiko. Kijiko kimoja kizima kingempa zaidi ya mara kumi na tano ya hitaji lake, na kiasi hicho kinatosha kumdhuru tumbo na kumtia sumu. Bibi yule alikuja kwa upendo wa kweli, na ni kwa ajili ya watu kama yeye ninaiandika hesabu hii kwa ukamilifu.

Kwa nini mtoto njiti hupungukiwa

Mtoto hujiwekea akiba katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Takriban asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi ya mifupa yake, pamoja na sehemu kubwa ya chuma, zinki na mafuta ya mwilini, hutoka kwa mama katika kipindi hicho. Anayezaliwa wiki ya 30 huja ghala lake likiwa karibu tupu, kisha hutakiwa kukua kwa kasi kuliko mtoto aliyetimiza miezi yake, na damu yake kidogo huendelea kupungua kila inapochukuliwa kwa vipimo. Ndiyo maana mtoto anayeonekana mzima katika wiki ya tatu anaweza kupungukiwa damu katika mwezi wa pili au wa tatu, na mwingine akapata udhaifu wa mifupa unaofanana na matege bila mtu nyumbani kutambua.

Kama unasoma haya ukiwa bado na mimba na umeambiwa huenda ukajifungua mapema, zungumza na mkunga juu ya kitovu. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto atoke, ikiwa hahitaji kusaidiwa kupumua papo hapo. Damu inayoingia kwa mtoto katika muda huo ni chuma cha bure kitakachomsaidia kwa miezi kadhaa, na hakuna chupa ya dukani inayokilipa.

Akina mama wengi hawana uhakika wa wiki za mimba, kwa sababu kliniki walianza kuhudhuria kwa kuchelewa. Usihuzunike kwa hilo, maana mizani hutusaidia. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na aliyezaliwa chini ya gramu 1500 huhitaji uangalizi wa karibu zaidi, hata katika uchaguzi wa virutubisho.

Maziwa ya mama kwanza

Sitaanza kueleza chupa yoyote kabla ya maziwa, kwa kuwa virutubisho vya nyongeza huongezwa juu ya maziwa ya mama na haviwezi kushika nafasi yake. Maziwa hayo hulinda utumbo wa mtoto njiti dhidi ya ugonjwa wa kuvimba na kuoza kwa utumbo, ambao huwaua watoto hawa kwa haraka, na ambao hutokea zaidi kwa wanaolishwa maziwa ya kopo.

Anza kukamua mapema iwezekanavyo baada ya kujifungua, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, hata kama yanatoka matone machache. Dang'a ile ya manjano usiimwage wala usikubali mtu akuambie ni chafu. Kamua mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo, kwa maana matiti yanayoachwa yamejaa tangu saa mbili usiku hadi alfajiri hupunguza utengenezaji wa maziwa, na mama huja kwetu siku ya kumi akilia kuwa yamekauka.

Kiasi cha kulisha hupangwa kwa uzito. Katika siku za mwanzo wahudumu huanza na kidogo na kukiongeza kila siku, hadi mtoto afikie takriban mililita 150 hadi 180 kwa kilo kwa siku. Mtoto wetu wa kilo 1.6, akipewa mililita 160 kwa kilo, atahitaji mililita 256 kwa siku. Zigawe kwa milo minane, moja kila baada ya saa tatu, upate mililita 32 kwa kila mlo. Kabla ya wiki ya 32 hadi 34, watoto wengi hawawezi kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua, kwa hiyo hulishwa kwa mrija, kisha kwa kikombe kidogo, huku wakiwekwa kwenye titi kwa mazoezi. Unapotumia kikombe, mkalishe mtoto wima kiasi, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, na umwache ayalambe mwenyewe, usimmiminie.

Kwa mtoto asiyeongezeka uzito, ipo njia moja ninayoipenda kwa sababu haigharimu shilingi. Maziwa yanayotoka mwishoni mwa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Kamua maziwa ya dakika chache za kwanza katika chombo kimoja, yanayofuata katika kingine, kisha mpe mtoto yale ya pili kwanza. Weka vyombo viwili kando kwa kando baada ya saa moja, nawe utaona utando mzito wa malai juu ya kile cha pili.

Maziwa yaliyokamuliwa yakae kivulini, yamefunikwa, kwa muda usiozidi saa nne, na upunguze muda huo katika maeneo yenye joto kali kama Arua au Moroto. Kwenye jokofu, kwa mtoto njiti, yatumie ndani ya siku mbili.

Mama asiyepata maziwa ya kutosha asikimbilie kumpa jirani mtoto amnyonyeshe bila vipimo, kwani virusi vya Ukimwi hupitia njia hiyo. Jijini Kampala kuna ATTA Breastmilk Community, iliyoanza mwaka 2021, ambayo hukusanya maziwa ya akina mama wanaojitolea na kuyafikisha kwa watoto wenye uhitaji. Waulize wahudumu wako kama inawezekana kuyapata. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kumnyonyesha mtoto wake njiti, mradi anameza dawa zake bila kukosa na mtoto anapewa dawa ya kinga kama alivyoandikiwa.

Chuma

Hiki ndicho kirutubisho ambacho karibu kila mtoto njiti anayenyonya maziwa ya mama hukihitaji, na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanakitaja kwa nguvu kuliko vingine vyote vya nyongeza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, kuanzia takriban wiki ya pili hadi miezi 6. Mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa huenda akacheleweshewa, kwa hiyo daktari ndiye apange siku ya kuanza.

Fanya hesabu kwa mpangilio huu, na uifanye tena kila mtoto anapopimwa. Chukua uzito wa leo kwa kilo, uzidishe kwa miligramu alizoandikiwa kwa kila kilo. Kisha tafuta kwenye chupa ni miligramu ngapi za chuma chenyewe zimo katika mililita moja, ugawe. Nasema chuma chenyewe kwa sababu chumvi ya chuma na chuma ni vitu viwili: kidonge cha miligramu 200 cha ferasi salfeti, kile ambacho wajawazito hupewa, kina takriban miligramu 65 tu za chuma. Lebo nyingine huandika namba kubwa ya chumvi kwa maandishi makubwa na namba ya chuma chini yake. Kama huoni ni ipi, usikisie. Irudishe chupa kwa aliyekuuzia akuoneshe kwa kidole. Kidonge cha mama, kwa vyovyote, kisivunjwe wala kusagwa kwa ajili ya mtoto.

Kinyesi kuwa cheusi kiasi baada ya kuanza chuma ni jambo la kawaida. Chupa yenyewe ifungie mahali pa juu, kwa kuwa dawa hizi ni tamu na kaka yake wa miaka miwili akiinywa yote anaweza kufa. Jambo jingine linalotuhusu sisi Waganda: tunaishi na malaria mwaka mzima, hivyo mtoto anayepewa chuma sharti alale ndani ya chandarua chenye dawa pamoja na mama yake, na akipata joto apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.

Vitamini D na vingine

Watu hushangaa ninapowaambia kuwa mtoto aliyezaliwa karibu na mstari wa Ikweta, juani mchana kutwa, anaweza kukosa vitamini D. Lakini mtoto njiti hutunzwa ndani, amefungwa kifuani kwa mama, na ngozi yake nyororo haipaswi kuanikwa juani. Kipimo kinachoandikwa mara nyingi ni yuniti 400 kwa siku, ingawa daktari anaweza kupandisha kwa mtoto mdogo sana. Hatari yake imo kwenye kitoneshi, yaani kile kifaa cha kudondoshea matone. Ipo chupa ambayo tone moja lina yuniti 400, na ipo nyingine ambayo yuniti hizohizo zimo katika mililita nzima. Mililita moja ni takriban matone 20 au zaidi, kwa hiyo mama aliyezoea chupa ya pili, akinunua ya kwanza na kuendelea kujaza kitoneshi, atampa mtoto yuniti 8,000 au zaidi kila siku. Ukibadilisha chupa, soma upya kana kwamba hujawahi kuona dawa hiyo.

Matone ya vitamini mchanganyiko mara nyingi huwa na vitamini D ndani yake, na mengine yana chuma. Ziweke chupa zote mezani, andika kwenye karatasi kila moja ina nini, ujumlishe. Mara nyingi utakuta chupa mbili zinafanya kazi ileile, na moja ingetosha.

Zinki inaweza kuandikwa na daktari kwa mtoto asiyekua vizuri. Vidonge vya zinki vinavyotolewa vituoni kwa ajili ya kuhara vina kipimo chake na siku zake, na visigeuzwe kuwa nyongeza ya kila siku. Unga wa kuimarisha maziwa ya mama, ambao huongeza protini na madini, hufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5, na huchanganywa hospitalini chini ya uangalizi. Hapa kwetu haupatikani kwa urahisi, na kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi huchota unga wa maziwa ya kopo na kuutia katika maziwa yaliyokamuliwa. Tafadhali usifanye hivyo kwa kukisia. Unga huo haukutengenezwa bila vijidudu kabisa, na mchanganyiko mzito hulemea utumbo ambao bado ni mchanga.

Bakteria wema wanaouzwa kama poda au matone pia wanazungumzwa sana. Hospitalini wanaweza kufikiriwa kwa watoto wadogo sana, lakini mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa bidhaa hiyo kufariki kwa maambukizi ya bakteria walewale. Usiwanunue mwenyewe.

Namna ya kumpa

Omba sirinji ya mililita moja isiyo na sindano, ile nyembamba yenye mistari ya sehemu za kumi. Kijiko cha chai kiache kwa chai. Kabla hujatoka kituoni, mwombe muuguzi au mfamasia avute dawa mbele yako hadi kipimo sahihi, kisha achore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika au abandike kipande chembamba cha plasta kwenye mstari huo. Mama asiyejua kusoma atampa mtoto wake kipimo sahihi kwa kufuata alama hiyo, na nimewaona wakifanya hivyo kwa uangalifu unaowashinda wasomi. Kila dawa iwe na sirinji yake, maana alama ya chuma si alama ya vitamini.

Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa. Vuta dawa, inua sirinji usawa wa macho, ondoa kiputo cha hewa, na uhakikishe imefika kwenye alama. Ichanganye na maziwa kidogo yaliyokamuliwa, mililita 5 hivi, umpe kwa kikombe mwanzoni mwa mlo akiwa na njaa. Usiitie katika mlo mzima, kwa sababu asipoumaliza hutajua amepata kiasi gani. Akitapika muda mfupi baada ya kupewa, usirudie dozi; subiri ya kesho, na ikitokea kila siku mwambie mhudumu. Suuza sirinji kwa maji yaliyochemshwa, na uandike juu ya chupa tarehe uliyoifungua.

Nunua katika duka la dawa lenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukatae chupa iliyokaa dirishani juani. Mzazi anapoambiwa kituoni kuwa dawa zimekwisha akanunue nje, asiondoke na jina la dawa peke yake. Karatasi iwe na nguvu ya dawa, miligramu kwa siku, na mililita kwa siku.

Vipo vitu ambavyo havina nafasi kabisa kwa mtoto huyu: glukosi, dawa ya maji ya kutuliza tumbo la watoto (gripe water), asali, maziwa ya ng'ombe, uji wa wimbi, na maji ya dawa za miti, pamoja na yale ya kyogero ambayo wengine huogeshea mtoto na kumwonjesha. Najua vingine vimerithiwa kutoka kwa bibi zetu, na siwavunjii heshima wazee. Tumbo la mtoto wa kilo 1.6 hubeba mililita 32 kwa mlo, na kila kijiko cha maji hayo kinachoingia huchukua nafasi ya maziwa.

Kujua kama vinasaidia

Mtoto njiti hupungua uzito siku za kwanza, mara nyingi hadi asilimia 10, kisha hutakiwa kurudia uzito wake wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Baada ya hapo tunatazamia gramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wetu ni takriban gramu 170 hadi 220 kwa juma. Mpime kila juma hadi afike kilo 2.5, kwenye mizani ileile, akiwa uchi, na uzito uandikwe katika kijitabu chake siku hiyohiyo. Asipoongezeka, usikimbilie chupa mpya. Angalia kwanza kama milo ya usiku inarukwa, na kama mtoto anakaa na baridi. Anayepoteza joto hutumia chakula chake kujipasha, na ndiyo maana kumbeba kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, ni sehemu ya lishe yake. Baba anaweza kumbeba, na shangazi anaweza, mama akilala.

Mama naye ale: maharage, mukene (dagaa), mchuzi wa karanga, mboga za majani kama nakati na dodo, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pamoja na matoke yake, na aendelee na vidonge vyake vya chuma na foliki kama alivyoandikiwa.

Acha virutubisho vyote na umrudishe mtoto hospitalini mara moja ukiona tumbo limevimba na kukaza, matapishi ya kijani, damu kwenye kinyesi, kukataa kunyonya, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kusimama kupumua, degedege, mwili wa baridi usiopashika hata kifuani, au umanjano uliofika viganjani na nyayoni. Beba chupa zote alizopewa uwaoneshe.

Kuhusu umri, hesabu mbili hutumika, na wazazi huzichanganya. Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa, bila kusogezwa kwa sababu ya udogo. Kukaa, kushika shingo na utayari wa kula hupimwa kwa kuondoa wiki alizowahi: aliyezaliwa wiki ya 32, akiwa na miezi sita, mwili wake ni kama wa mtoto wa miezi minne. Kwa hiyo anapofikisha miezi sita mpeleke kliniki wamtazame kama shingo imekaza na kama yuko tayari kwa chakula cha kulainishwa, wapime damu yake, waamue kama chuma kisimamishwe au kiendelee hadi atakapokuwa anakula vya kutosha, na wampe dozi yake ya kwanza ya vitamini A, ambayo pia hutolewa katika siku za afya ya mtoto mwezi Aprili na Oktoba. Kijitabu chake na zile sirinji zenye alama uende navyo siku hiyo.